Monita isiyo na taa: miezi saba Nkuhungu, Dodoma, na meza niliyoihamisha mara nne

Siku ya tatu tangu niifungue, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni kwangu, akaitazama meza, akanionea huruma.

"Mwanangu, hiyo TV yako imeungua?"

"Hapana mama, inafanya kazi. Hebu sogea huku dirishani uone."

Akasogea, akainama, akasoma kichwa cha ripoti niliyokuwa naihariri, akaguna. "Kumbe inakula jua kama zabibu."

Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo, na nimesoma mengi kabla ya kutoa pesa. Monita ya kawaida ina taa za LED nyuma ya kioo, na picha unayoiona ni mwanga unaokuja moja kwa moja machoni. Hii haina taa kabisa. Nyuma ya kioo kuna tabaka linalofanya kazi kama kioo cha kujitazamia: mwanga wa chumbani unaingia, unagonga, unarudi ukiwa umebeba maandishi. Ni ndugu wa kikokotoo cha dukani na wa saa za mkononi za namba, zile ambazo jua likiwa kali ndiyo zinasomeka vizuri. Tofauti ni kwamba hii ni kubwa kama monita ya inchi 24, ina rangi, na mshale wa kipanya unakwenda bila kuacha vivuli, jambo ambalo vioo vya wino wa kielektroniki vya kusomea vitabu bado vinahangaika nalo.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri ripoti za miradi. Tangu serikali ihamie Dodoma kazi hizo zimekuwa nyingi, na zote zinataka kumrudia mteja kabla hajaingia kikaoni. Nakaa mbele ya kioo kwa saa tisa kwa siku, wakati mwingine kumi na moja. Mwaka juzi ikifika alasiri macho yalikuwa kama yamemwagiwa mchanga, kisha machozi, kisha kichwa upande wa kulia. Nilipunguza mwanga wa monita, nikabadilisha rangi kuwa ya njano, nikanunua hata miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. (Baadaye nikasoma kwamba chama cha madaktari wa macho cha Marekani hakiipendekezi miwani hiyo kwa watu wa kompyuta. Ipo kwenye droo, anayeitaka aje aichukue.)

Mtaalamu wa macho aliyenipima alinibadilishia lenzi, akaniambia jambo ambalo sikulipenda siku ile. Mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea kioo idadi hiyo hushuka sana, na jicho hukauka. Akanipa ile kanuni ya 20: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20. Nikamuuliza kuhusu monita isiyo na taa. Akacheka: "Nunua ukitaka, ila haitakupepesea macho."

Nikanunua. Pamoja na usafiri na VAT ya asilimia 18 ilikula pesa ya laptopu mbili zilizotumika. Shemeji yangu akaja nayo kwa basi kutoka Dar, amelipakata boksi kama mtoto, nikampokea stendi ya Nanenane.

Nilipoiwasha chumbani jioni ile nilitaka kulia. Kijivu! Kama gazeti lililolowa kisha likaanikwa. Nikatafuta kitufe cha kuongeza mwanga, hakipo. Kitufe chake ni pazia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichonunua ni nusu tu ya kifaa. Nusu nyingine ni chumba, nacho muuzaji hakuniambia. Tangazo lake lilisema macho hayatachoka tena, basi. Halikusema kwamba kila ulichofundishwa kuhusu kupanga meza unakigeuza. Kwa monita ya kawaida unakwepa dirisha lililo nyuma yako, maana linamulika kwenye kioo. Kwa hii unalitafuta dirisha hilo, lakini likae juu kidogo na pembeni, begani, la sivyo unajiona wewe mwenyewe. Nilikuwa nimevaa shati jeupe siku moja na nusu ya jedwali ikapotea ndani ya kifua changu. Siku hizi nikijua nina kazi ndefu navaa rangi za giza.

Meza ya kwanza niliiweka kwenye dirisha la kaskazini. Ilikuwa Juni, na mwezi huo jua la Dodoma hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo mwanga ulikuwa wa bure tena tele. Tatizo likawa nondo. Madirisha yetu yote yana nondo za wezi, na jua likipiga moja kwa moja nondo hizo zinajichora kwenye kioo, mistari saba myeusi inayotembea polepole kuanzia saa 4 mpaka saa 8. Unahariri sentensi, mstari unaifikia, unasubiri upite. Nikafunga shuka jeupe jepesi dirishani. Mistari ikaisha, mwanga ukabaki. Shuka la elfu nane lilisaidia kuliko kitu chochote nilichoagiza nje ya nchi.

Meza ya pili na ya tatu sitazisimulia, zilikuwa makosa. Ya nne ni kibarazani, na hapo ndipo nilipoipenda monita hii kwa dhati. Nilipima mwanga kwa programu ya simu: ndani ya chumba na taa imewashwa nilikuwa sifiki hata zile luksi 300 hadi 500 zinazotakiwa ofisini. Kibarazani, kivulini, mchana wa jua, namba ilipita 10,000. Monita ya kawaida ukiitoa pale inakuwa kioo cheusi. Hii inakuwa karatasi. Herufi nyeusi, mandhari nyeupe, hakuna kinachong'aa, na ukiinua macho kutazama mwarobaini wa jirani kisha ukarudi kwenye maandishi, jicho halihisi kwamba limehama dunia. Kwangu siri iko hapo. Kioo na mazingira vina mwanga mmoja, na jicho halifanyi kazi ya kufunguka na kujibana kila unapogeuza shingo. Na kwa kuwa niko nje, nainua macho mara nyingi bila kuweka kengele. Nani anitenganishie sasa, ni monita iliyonisaidia au ni mwarobaini? Nashuku wote wawili. Ule mchanga wa alasiri umepungua sana, siku nyingine hauji kabisa. Kichwa bado kinauma nikisahau maji.

Rangi ni dhaifu, nisidanganye. Nyekundu ni kama tofali la zamani. Ripoti yenye chati ya rangi sita inanilazimu kurudi kwenye kioo cha laptopu ili nijue ipi ni ipi. Picha za harusi usizitazame humu, utadhani bibi harusi ni mgonjwa. Mandhari nyeusi ambayo vijana wanaipenda haifai hata kidogo, maana nyeusi ya hapa ni kijivu. Nimeongeza pia ukubwa wa herufi.

Vumbi ni adui wa kila siku. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa Dodoma hauombi ruhusa, na kwa kuwa mwanga unapita kwenye uso wa kioo mara mbili, kuingia na kutoka, tabaka dogo la vumbi jekundu linafifisha maandishi mara mbili pia. Kitambaa laini asubuhi, kitambaa laini mchana.

Upande wa umeme nina furaha. Inalishwa na waya wa USB kutoka kwenye laptopu, na umeme ukikatika mtaa mzima mimi naendelea mpaka betri iishe.

Usiku sina la kuisifia. Nilinunua taa ya mezani yenye mkono, nikaipandisha juu ya bega, ikasomeka vizuri kiasi. Lakini jiulize: nimeitoa taa nyuma ya kioo nikaiweka mbele. Mvua zilipoanza Desemba, kumbikumbi wakaifuata, mmoja akatua kwenye takwimu za bajeti. Sasa ikifika saa 12 jioni nafunga, na kazi ya dharura naifanya kwenye monita ya zamani, mwanga umeshushwa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni ya usiku, au ofisi yake ina madirisha ya vioo vya giza na taa moja ya dari, ningemwambia pesa hiyo aipeleke kwenye kupima macho na kiti kizuri.

Desemba ile ile jua likawa limehamia kusini, mawingu yakashuka, na kibaraza changu kikapoteza mwanga kidogo kidogo. Nilimwendea mama mwenye nyumba, nikamwomba tubadilishe bati moja la kibarazani tuweke la plastiki linalopitisha mwanga, gharama juu yangu. Akaniuliza kama ni kwa ajili ya ile TV iliyoungua. Nikamwambia ndiyo. Fundi anakuja Jumamosi.