Kuingia tangi la meli: darasani au zoezi la melini?

Darasani baharia huelewa kwa nini tangi tupu huua: kutu hula oksijeni, nayo inatakiwa iwe asilimia 21. Hujifunza pia kujaza kibali cha kuingia tangini na kutumia kipima gesi. Kwa hayo darasa latosha.

Kuokoa mtu ni jambo jingine kabisa. Hapo nachagua zoezi. Tangu 2015 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unalitaka kila miezi 2 kwa wahusika, na ndiko makosa hujitokeza: mtungi wa hewa haupiti tundu la kuingilia, kamba ni fupi, redio haishiki, hewa imepimwa juu tu, kati na chini hakuna. Baya zaidi, mwenzake akianguka mtu hukimbilia ndani bila kifaa cha kupumulia, wakafa wote wawili. Kujizuia huko, kwanza upige kengele, hujengwa kwa kurudia melini.