Kibanda cha mboga nje ya soko la Malindi: ghali kidogo, na haki yake

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi moja naweza kumaliza mafungu 40 ya mchicha, kwa hivyo shilingi kumi kwangu si kitu kidogo. Mama huyu anauza fungu 30, wenzake 20. Siku ya kwanza nilimuuliza, akanijibu, "Mwanangu, hiyo kumi ni ya aliyeinama shambani." Akanionyesha ubao wake wa chaki: mkulima 22, kibanda 8. Kila mteja anausoma.

Nilinyamaza, maana nilimkumbuka marehemu baba. Dalali alikuwa akija miembe ingali maua, ananunua mti mzima, na baba anakubali kwa sababu karo inadaiwa. Msimu ukifika, embe zetu za ngowe zinauzwa mojamoja sokoni na sisi tunatazama. Biashara ya haki ni kinyume cha hayo: bei ina sakafu, soko likianguka mkulima haanguki nalo.

Mwezi uliopita alinipeleka mashambani, ng'ambo ya daraja la Sabaki. Samadi ya mbuzi hulazwa miezi mitatu mpaka harufu iishe, ndipo ifukiwe. Niliushika ule udongo: mweusi, una unyevu, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Dawa yao ni majani ya mwarobaini, yatwangwe, yalowekwe usiku kucha, yachujwe, yanyunyizwe jioni jua likishapoa. Mahindi yamechanganywa na kunde, nazo zinairutubisha ardhi.

Mchicha wenyewe? Shina linakatika kwa kidole. Nikiupika hautoi maji yakaharibu tui, na watoto wangu wanaomba tena.

Majani mengine yana matundu, kwa hivyo tenga muda wa kuchambua. Embe kumi nilizonunua, mbili zilikuwa na funza wa nzi wa matunda. Alinibadilishia bila maneno. Ningependa pia apate alama ya Kilimohai, ya mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani, inayofuata viwango vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, kwa sababu mgeni hawezi kwenda Sabaki kama nilivyokwenda mimi.

Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Saa nne hukuti kitu. Ijumaa anafunga mapema. Na uchukue kikapu chako.