Tiba ya protoni kwa saratani ya ini: yaliyompata baba baada ya kurudi Dodoma

Mimi si daktari, ni binti niliyemuuguza baba. Ana miaka 61, tunaishi Nkuhungu. Homa ya ini B alikuwa nayo bila kujua, na ilipogundulika ini lilikuwa limeshasinyaa na lina uvimbe wa sentimita 6 upande wa kulia. Upasuaji ulikataliwa kwa kuwa ini ambalo lingebaki lisingemudu kazi. Ndugu tukachangishana, ng'ombe wakauzwa, tukapanda treni ya SGR hadi Dar na kuruka kwenda Chennai, India, kwa sababu mashine ya protoni, aina ya mionzi ya kuua saratani, hapa nchini haipo.

Tiba ilichukua wiki tatu, vikao 15. Unalazwa kwenye godoro lililofinyangwa kwa umbo lako, na mashine ikianza kupiga unabana pumzi, maana ini hupanda na kushuka kila ukivuta hewa. Baba hakusikia maumivu wala joto. Kwa upande wa huduma sina la kulaumu.

Ninayemlaumu ni wakala aliyetupangia safari. Alituambia mionzi hii haina madhara kabisa kwa ini. Si kweli. Mionzi ya kawaida hupenya na kutokea upande wa pili wa mwili, wakati protoni humwaga nguvu yake karibu yote kwenye kina ilichopangiwa, kisha inakoma. Kwa hiyo sehemu ya ini iliyo nyuma ya uvimbe hunusurika. Lakini ili iufikie uvimbe, lazima ipite kwenye ini la mbele yake, na pembezoni mwa uvimbe panachomwa makusudi. Daktari wa kule alilisema hili wazi: "Nataka angalau mililita 700 za ini zibaki bila kuguswa." Nikamtafsiria baba, "Ni kama soda mbili za chupa." Akaniuliza, "Na hizo soda mbili, zenyewe nzima?"

Lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyouliza mimi. Kabla ya kuanza walipima bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa mwilini), albumini (protini inayotengenezwa na ini) na kuganda kwa damu, wakaangalia kama ana maji tumboni au amechanganyikiwa, wakajumlisha alama; zikiwa nyingi, ini limechoka zaidi. Baba alipata 6, kundi A, yaani ini lenye makovu ila bado linajiweza. Mwenye kundi C, yaani ini lililochoka kabisa, hatari yake ni kubwa mno. Pia waliagiza asiache tenofovir, dawa ya kuzuia virusi vya homa ya ini B, hata siku moja, kwa sababu virusi vya B vinaweza kuamka wakati wa mionzi na kulimaliza ini.

Tulirudi nyumbani mwezi wa nne, baba akiwa amekonda, mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Wiki ya saba akaniita chumbani. "Mwanangu, mkanda huu umekataa." Tumbo lilikuwa limejaa, miguu ikibonyezwa inabaki na shimo. Kliniki ya kwanza mjini walisema ni saratani imesambaa, wakatuambia tujiandae. Mama alilia usiku kucha.

Nikatuma majibu Chennai. Albumini ilikuwa imeshuka, maji yameingia, alama zimefika 8. Kupanda kwa alama 2 au zaidi ndani ya miezi michache huhesabiwa kuwa huenda ini limeumizwa na mionzi. Picha ya CT ilionyesha uvimbe umepungua. Dawa mahususi ya hali hii hakuna. Alipewa za kupunguza maji, chumvi ikakatwa, na mlenda mama akawa anaupika bila chumvi kabisa. Karanga na mahindi ya zamani tuliyatupa kwa hofu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka inayoumiza ini, maana mwaka 2016 iliua watu mkoani kwetu na Manyara.

Ningempeleka tena? Ndiyo, kwa ini la kundi A. Ila ningerudi na ratiba ya vipimo vya damu ya miezi minne iliyoandikwa, na namba ya daktari wa hapa aliyekubali kuisimamia kabla hatujapanda ndege. Sisi tulirudi na picha na risiti tu. Sasa baba anapimwa kila mwezi, alama zimeshuka hadi 7, na mkanda unafunga kwenye tundu la pili.