Mlimani: ule cha kibandani au ubebe chako?

Kwa bei, chakula cha kubeba kinashinda: cha kibandani, yaani cha nyumba ya njiani wanamolala wapanda mlima, kimepandishwa kwa mgongo wa mtu, nyumbu au helikopta, na gharama hiyo unailipa wewe. Kwa uzito, kibanda hakina mpinzani. Kwenye uhakika ndiko kuna mambo. Jiko la kibandani likishafungwa, ukichelewa utalala njaa. Nawe ukibeba maharage makavu yatakutoa jasho: kwenye mita 3,000 maji huchemka kwa nyuzi joto 90 hivi, kwa hiyo maharage yataiva usiku wa manane. Bora karanga na tende. Mwenye watoto au safari ndefu, alipie supu ya moto. Mwenye mfuko mwembamba na mgongo imara abebe, ila aulize mapema kama kibanda kinaruhusu kupika.