Moto (pikipiki) ya mzee mwenye miguu mifupi, Goma: HLX 125, Boxer au XTZ 125?

Kwa mzee mfupi aliyepata perimi (leseni ya udereva) juzi, chaguo letu ni TVS HLX 125 au Bajaj Boxer 100, mradi iwe na kitufe cha kuwashia. Yamaha XTZ 125 wanamshauri wengi kwa sababu ya mawe ya Goma. Hiyo aiache.

Si kwamba XTZ ni mbaya. Shoki zake ndefu zinameza mawe ya lava kuliko za HLX na Boxer. Shida ni kiti: kiko milimita 840 kutoka chini, na cha Honda XR 150L ni 825. Mtu mgeni wa moto haanguki sana akiwa mwendoni, anaanguka akisimama. Mtaani Majengo au Ndosho, pale unaposhusha mguu panaweza kuwa shimo la sentimita kumi. Anayegusa kwa ncha za vidole anaukosa udongo, na moto ikishainama hivi, misuli ya mtu wa miaka 60 hairudishi kilo zaidi ya mia.

Pima kwanza. Vua viatu, weka mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, kisha pima kutoka ukingo wake wa juu hadi chini. Ukipata sentimita 70, tafuta kiti kisichozidi 78 hivi: shoki zitashuka mbili au tatu ukikaa, soli ya kiatu itaongeza tatu, na zinazobaki utazipata kwa kuinua kisigino. Yamaha YBR 125 iko hapo hapo, milimita 780, ukiipata nzima. Angalia na upana: viti vya kubebea abiria ni vipana na vinafungua mapaja, kwa hiyo unaposimama sogea mbele, karibu na tanki, ambako kiti ni chembamba.

Boxer 150 ina nguvu zaidi, inamfaa anayembeba mama na mizigo hadi Sake. Kwa kwenda kazini na sokoni Virunga, uzito wake wa ziada hauna faida.

Kiti kikizidi kidogo, fundi wa viti apunguze sponji sentimita mbili, mbele na pembeni tu. Zaidi ya hapo mgongo utalipa. Shoki za nyuma zilegeze kwa kuzungusha pete zake, pande zote mbili sawa, na uzirudishe ukibeba mtu. Usikubali fundi akate springi! Springi iliyokatwa inakuwa ngumu na fupi, na ukibeba abiria tairi inakwaruza madigadi. Ukishusha moto kwa njia yoyote, jaribu pia stendi ya pembeni: sasa ni ndefu mno, moto inasimama wima, na upepo wa lori unatosha kuiangusha. Ipunguzwe na kuchomelewa upya.

Vumbi jeusi la volkano linaingia kwenye waya wa klachi na kuchosha vidole vya mzee kabla hajafika rond-point (mzunguko wa barabara) ya Chukudu. Tia mafuta mepesi kupitia mwisho wa juu wa waya, na uache mkono wa klachi ucheze milimita 10 hadi 15 kwenye ncha yake.

Kama ni ya mtumba, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ikikataa kitufe ikiwa baridi, goti lako ndilo litakalopiga kiki kila asubuhi. Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole: ukisita katikati, beringi zimekwisha. Chagua rimu za spoku. Jiwe likizipinda zinanyooshwa, zile za kumimina hupasuka.

Na kwa kuwa tunaendesha kulia, barabara nyingi huteremka kuelekea ukingo wa kulia. Simama kwa mguu wa kushoto, upande ulioinuka, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma.