Uzi wa PLA uliorejelezwa: mgumu kama mpya, ila haupindiki

Nimeutumia uzi huu wa plastiki kwenye printa yangu ya 3D, mashine inayouyeyusha na kuunda vitu tabaka kwa tabaka, kwa muda wa kutosha kuusemea. PLA ni plastiki inayotokana na sukari ya mimea kama mahindi na miwa. Huu umetengenezwa kwa mabaki ya kiwandani yaliyosagwa, yakayeyushwa na kuvutwa upya kuwa uzi.

Ukitazama, utaona weupe wake una umanjano kidogo, basi. Visanduku na vishikio vya nyaya vinatoka vigumu sawa na vya uzi mpya, sina lawama. Taabu inaanza pale kitu kinapotakiwa kupinda au kuhimili kishindo. Kibanio cha uzi mpya hupinda kikarudi. Cha uzi huu kinakatika paa, bila dalili.

Kila PLA inapoyeyushwa, joto na msuguano wa mashine, na hasa unyevu, hukatakata minyororo mirefu ya molekuli zake. Minyororo mifupi hujipanga kuwa fuwele kwa urahisi zaidi, ndiyo maana ugumu haupotei, lakini haisokotani vya kutosha kuzuia ufa usienee. Mnato nao hushuka, yaani plastiki iliyoyeyuka inakuwa nyepesi zaidi. Kwangu uzi ulikuwa ukichuruzika kwenye nozeli, ule mdomo wa printa unaotoa plastiki, na kuacha utando kila mahali, mpaka niliposhusha joto kutoka nyuzi 210 hadi 200.

Na ukaushe, tafadhali. Ukisikia nozeli inatatarika, hayo ni maji yanageuka mvuke, na maji hayohayo yanaendelea kukata minyororo humo humo ndani. Nyuzi joto 45 hadi 50 kwa saa kadhaa zinatosha; ukikaribia 60 PLA inalegea na uzi unagandana.

Kinachoniudhi ni lebo. Imeandikwa "imerejelezwa" kwa herufi kubwa, lakini haitaji ni kiasi gani cha PLA mpya kimechanganywa, wala kama wameweka kiungio cha kuunganisha tena minyororo iliyokatika. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama uzi nitakaonunua tena utafanana na huu. Badala yake wanajisifu kwamba "inaoza", ilhali PLA huhitaji mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 58. Ukiifukia bustanini utaikuta miaka baadaye.

Nyota nne kwa visanduku, mbili kwa chochote chenye bawaba. Nitaagiza tena, ila rangi nyeusi, umanjano usionekane.