Daftari, Kadi au Simu: Mtunzi Anunue Nini Kuhifadhi Mawazo Yake?

Mawazo humjia mtunzi wa mashairi, hadithi au nyimbo hata akiwa kwenye daladala. Kazi ngumu ni kuyapata tena. Ndiyo maana nimevipanga vifaa hivi kwa swali moja: ubeti ulioandika wakati wa masika, utaupata upesi kiasi gani ukiuhitaji wakati wa vuli? Uzuri wa jalada sikuupa alama.

1. Kaunta buku ya kwaya 2

Hii ndiyo ningemwambia mtunzi yeyote anayeanza anunue. Kwaya hapa ni kipimo cha wingi wa kurasa za daftari: ya kwaya 2 ina kurasa 192, jalada gumu, na inapatikana karibu kila duka la vifaa vya shule. Ya kwaya 3 ina kurasa 288 na ya kwaya 4 ina 384, lakini hizo ni nzito, zinafaa kukaa mezani nyumbani.

Kwa mshairi, upana wa A4 una faida ya pekee. Mshororo wa mizani (silabi) 16 unakaa wote kwenye mstari mmoja, ukwapi na utao, yaani nusu yake ya kwanza na ya pili, na pembeni panabaki nafasi ya kujaribia vina vingine. Kwenye kidaftari cha mfukoni mshororo unakatika, na jicho halioni tena vina vya kati vikishuka sawasawa.

Kabla ya kulipa, fungua katikati uangalie kama kuna uzi. Iliyoshonwa hulala wazi mezani na haiachii kurasa. Iliyogandishwa kwa gundi tupu huanza kupukutika mapema, hasa ukiibeba kila siku. Kisha inua ukurasa mmoja kwenye mwanga. Karatasi ya gramu 60 kwa mita ya mraba inatosha kwa peni ya kawaida, lakini ukitumia wino mwepesi au ukichora, tafuta ya gramu 70 au 80.

Ukifika nyumbani, andika namba kwenye kila ukurasa na uache karatasi mbili za mwanzo kwa ajili ya yaliyomo. Kila Ijumaa au Jumapili jaza: "uk. 14, mwanzo wa hadithi ya mvuvi". Bila hatua hii hata daftari bora litameza mawazo yako.

2. Simu uliyonayo tayari

Haikugharimu kitu zaidi, na inatafuta neno kwa sekunde. Google Keep ni ya bure, inaandika hata bila intaneti, na inakubali lebo. Lebo tano au sita zinatosha. Anayetaka maandishi yakae kwenye simu yake mwenyewe kama mafaili ya kawaida atumie Obsidian. Kabla ya kuhamia programu yoyote, soma masharti ya akaunti ya bure: mwishoni mwa 2023 Evernote ilipunguza yake hadi noti 50 na daftari moja.

Kwa mtunzi wa nyimbo, simu inapanda hadi nafasi ya kwanza, kwa sababu ya kinasa sauti. Melodia haiandikiki kwa maneno. Ila lipe faili jina palepale, kwa mfano "kiitikio, harusi, polepole"; rekodi zenye tarehe tupu hakuna anayerudi kuzisikiliza.

3. Kadi

Mwandishi wa riwaya au mswada wa filamu atazipenda: tukio moja, kadi moja, kisha unazipanga upya sakafuni mpaka hadithi ikae. Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann aliacha kadi zipatazo 90,000, zilizounganishwa kwa namba. Si lazima ununue zilizotengenezwa. Chukua manila, ukate vipande vya sentimita 8 kwa 13, utafute na kisanduku chenye kifuniko. Kwa mashairi mafupi sizioni kama zinahitajika.

4. Daftari la kigeni la bei kubwa

Kati ya Moleskine na Leuchtturm1917, chagua la pili: kurasa zake zina namba tayari, kuna nafasi ya yaliyomo, na karatasi ni gramu 80 dhidi ya 70. Ni madaftari mazuri kwelikweli. Shida ni kwamba bei humfanya mtu aogope kuandika wazo bichi, na mawazo mabichi ndiyo yanayohitaji daftari.

5. Tableti yenye kalamu

Inunue kama unachora kwa kipato. Kwa maandishi peke yake, fedha hiyo ingekununulia kaunta buku za miaka mingi.